Nyota ya Uzi na Wanawake Walioifuma

Mwanafunzi wa kroshia, akishazoea kushika sindano yenye kulabu na kuuvuta uzi usikaze mno wala usilegee, aghalabu hupewa kazi ya kwanza iliyo ndogo na yenye mwisho ulio karibu: ua, au duara, au nyota ya ncha tano ya kutundikwa dirishani au kupambia mti wa Krismasi. Kazi hiyo humalizika angali na hamu nayo, akaona mkononi mwake kitu kizima chenye sura yake, wala si kipande cha kitambaa kinachongoja wiki nyingi kipate kujulikana ni nini. Wengi hudhani kwamba walimu waliichagua nyota kwa sababu ya wepesi wake tu. Lakini mwenye kuifuatia asili yake ataona kwamba desturi hii ya kufuma kitu kidogo kidogo, kila kimoja kikiwa kimekamilika peke yake, ilitiwa nguvu na dhiki kubwa iliyoipata nchi moja ya Ulaya, na kwamba wanawake wasiokuwa na shamba wala mali ndio walioitoa kroshia katika daraja ya mchezo wa mabibi na kuifanya sanaa yenye hadhi na tijara.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba kroshia, pamoja na kuonekana kuwa kazi ya kale, si ya kale. Ufumaji wa sindano mbili, ule wa soksi na fulana, umri wake ni mkubwa. Nchini Misri zimepatikana soksi za pamba zilizofumwa katika zama za dola za Kiislamu, zenye rangi ya samawi na nyeupe, na baadhi yao zimetiwa nakshi za herufi za Kiarabu. Ushahidi wa namna hiyo haukupatikana kwa kroshia. Mtaalamu wa Denmark, Lis Paludan, aliyeichunguza historia yake kwa makini katika nchi za Ulaya, hakuona dalili thabiti ya kazi hii kabla ya mwaka 1800. Wale wasemao kwamba ilifanywa na watawa wa Italia tangu karne ya kumi na sita wanaichanganya, nadhani, na lesi za sindano za wakati ule, ambazo kwa jicho la mbali hufanana nayo lakini kwa utaratibu ni kazi nyingine kabisa.

Rai iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile inayoitoa kroshia katika darizi ya Mashariki. Katika darizi hiyo, iliyokuwa mashuhuri Bara Hindi, Uturuki na Uchina, kitambaa huwambwa juu ya fremu ya mviringo kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na fundi huuvuta uzi kutoka chini kwa kulabu nyembamba, kitanzi ndani ya kitanzi, hata mnyororo wa vitanzi ukaandika maua juu ya nguo. Darizi hii ilifika Ufaransa katika karne ya kumi na nane, na mwaka 1770 Charles Germain de Saint-Aubin aliieleza katika kitabu chake cha sanaa ya kudarizi. Yamkini basi kwamba baada ya hapo mafundi waligundua ya kuwa mnyororo ule waweza kusimama wenyewe, hewani, bila ya kitambaa cha kuushika. Na hapo ndipo kulabu ilipoacha kuwa mtumishi wa nguo ikawa yenyewe ndiyo inayoizaa nguo.

Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa habari zake zilikuwa chache. Huko Skotlandi, Elizabeth Grant, aliyeandika kumbukumbu za maisha yake, aliutaja, katika habari za mwaka 1812, ufumaji wa wachungaji, uliofanywa kwa kulabu na kutoa vitambaa vizito vya sufu. Uholanzi, jarida la wanawake lililoitwa Penelope lilichapisha mwaka 1823 sampuli za mifuko midogo ya fedha iliyofumwa kwa hariri, nazo huhesabiwa kuwa miongoni mwa sampuli za kroshia zilizotangulia kupigwa chapa. Ilikuwa kazi ya watu wenye wasaa: kijaluba cha sarafu, ukingo wa leso, kifuniko cha taa. Lau mambo yangeendelea hivyo, labda ingepita kama zinavyopita desturi nyingi za mavazi, ikasahauliwa kabla ya karne kwisha.

Lakini mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi. Nchi ile ilikuwa na mafukara wengi waliokodi vishamba vidogo, wakiuza nafaka na mifugo ili kulipa kodi ya ardhi na wao wenyewe wakiishi kwa viazi, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Majani ya viazi yakanyauka mashambani, na viazi vikaoza ardhini na ghalani, mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 iliandika zaidi ya watu milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ikaandika kiasi cha milioni 6.5. Takriban watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo, na wengine wapatao milioni moja au zaidi wakapanda marikebu kwenda Uingereza, Marekani na Kanada. Katika msiba huo mwanamume aliyefukuzwa shambani hakuwa na la kufanya ila kuvunja mawe barabarani katika kazi za serikali, ilhali mwanamke, hususan mjane na msichana, alikuwa na mikono yake na hakuwa na mahali pa kuitumia.

Hapo ndipo kroshia ilipopata kazi. Huko Blackrock, karibu na mji wa Cork, palikuwa na nyumba ya watawa wa Ursula, shirika lililoletwa Cork mwaka 1771 kwa jitihada za Nano Nagle, na masista wake wa kwanza walikuwa wamefundwa Paris. Kwa hiyo si ajabu kwamba ufundi wa Kifaransa ulikuwa mikononi mwao. Watawa hao walikuwa wakiwafunza kroshia watoto maskini wa shule yao, na imeandikwa kwamba mwaka 1845 watoto hao waligawiwa pauni 90 kutokana na kazi zao. Njaa ilipozidi, nyumba nyingine za watawa zikafuata, na wake wa makasisi wa Kiprotestanti, na mabibi wenye ardhi, kila mmoja katika pembe yake, wakafungua madarasa katika majumba yao na katika ghala za nafaka zilizokuwa tupu. Susanna Meredith, aliyeisimamia shule ya Adelaide mjini Cork, aliyaandika mengi ya mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1865 juu ya wafuma lesi wa Ayalandi. Na mwenye kukisoma ataona kwamba wasichana wale hawakuchukua muda mrefu kuwapita waliowafundisha.

Na kwa nini kroshia, wala si lesi nyingine? Swali hili lastahili jibu, kwa kuwa ndani yake imo siri ya nyota yetu. Lesi ya sindano ya Venice, iliyokuwa ikithaminiwa na wafalme na maaskofu, ilitaka macho makali na miaka mingi ya kujifunza, na kipande cha upana wa kiganja kiliweza kumla fundi miezi. Lesi ya vijiti ilitaka mto wake maalumu, na vijiti vingi vya kuviringia uzi, na pini, na meza, na mwanga mzuri. Kroshia haikutaka ila kulabu na kibonge cha uzi wa pamba. Wasichana wengi hawakuwa na uwezo wa kununua hata hiyo kulabu. Wakachukua sindano au waya, wakaikunja ncha yake na kuitia mpini wa mti, ikatosha. Kazi ilichukulika mfukoni, ikafumwa kando ya moto, au njiani, au mbele ya mlango wakati mtoto amelala, na ilipokatizwa haikuharibika, kwa kuwa katika kroshia hubaki kitanzi kimoja tu kulabuni, wala si safu nzima ya vitanzi inayoweza kuponyoka na kufumuka.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba iligawanyika. Walimu walikusudia kuiga lesi ya Venice, yenye maua makubwa yaliyoinuka na vijitawi vyembamba vya kuyaunganisha. Wakaona kwamba haifai kumpa mwanamke mmoja mwenye njaa kazi ya ukosi mzima, akaingoja miezi kupata ujira. Kwa hiyo walivunja nakshi katika sehemu zake. Mwanamke huyu alifuma waridi tu, yule jani la klova lenye vijani vitatu, mwingine tawi la dege la msituni, mwingine duara na nyota. Kila kimoja kilifumwa juu ya uzi mnene uliofichwa ndani ili kingo zake ziinuke. Kisha vipande vyote vilipelekwa kwa fundi mwenye kipaji cha kupanga, akavishikiza kifudifudi juu ya kitambaa kilichochorwa sura ya ukosi au mkono wa gauni, akajaza nafasi zote baina yao kwa wavu mwembamba wa minyororo, na alipokwisha akazikata nyuzi za kushikizia na kuiondoa lesi, nzima, tayari kwa kufuliwa. Aliyefuma waridi kumi alilipwa kwa waridi kumi, siku ileile au wiki ileile. Kwa watu waliokuwa wakihesabu chakula kwa siku, jambo hilo lilikuwa ndilo tofauti baina ya uhai na mauti, wala sisemi kwa kutia chumvi.

Mji mdogo wa Clones, katika wilaya ya Monaghan, ndio uliopata sifa kupita miji yote kwa namna hii ya kazi. Mwaka 1847 alifika huko Cassandra Hand, mkewe kasisi mpya wa parokia, akaikuta dhiki isiyoelezeka. Akaomba mwalimu kutoka kwa bibi mmoja wa Thornton, wilaya ya Kildare, aliyekuwa amekwisha kuanzisha shule ya kroshia, na kazi ikaenea mjini na katika milima iliyouzunguka mji. Fundo lililotokea huko, ambapo uzi huzungushwa mara nyingi juu ya kulabu kisha ukafungwa kwa kitanzi kimoja hata likasimama kama tumba dogo, bado linaitwa kwa jina la Clones duniani kote. Faida ya lesi ilisaidia kujenga shule za watoto, na mojawapo ya majengo hayo bado lina jina la Cassandra Hand. Wako wasichana waliolipa kodi ya baba zao kwa kulabu. Wako waliojilipia nauli ya Marekani, kisha wakawalipia ndugu zao mmoja baada ya mmoja. Tukumbuke pia kwamba ujira wao ulikuwa haba, na kwamba faida kubwa ilibaki kwa wafanyabiashara wa London na Paris. Mwenye kuieleza habari hii kana kwamba ni sadaka ya wema tu huwapunja wanawake wale, kwa maana kilichowaokoa ni kazi yao.

Katika familia nyingi za Clones nakshi ilikuwa urithi. Nyumba moja ilijulikana kwa waridi la namna fulani, nyingine kwa jani, na mama hakumwonyesha jirani jinsi alivyoanza wala alivyofunga, ila alimfunza binti yake peke yake; na jirani alipoingia kazi ilifunikwa kwa kitambaa. Siwalaumu, kwa kuwa nakshi ndiyo iliyokuwa shamba lao. Ila matokeo yake ni kwamba binti alipokufa, au alipovuka bahari akaolewa mbali na kuacha kufuma, waridi lile liliondoka naye. Leo mafundi wenye kutafuta ustadi huo hukaa na vipande vya zamani vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, wakahesabu vitanzi kwa kioo cha kukuzia, wapate kujua mkono uliokwisha kufa ulipita wapi.

Njia ya pili ya kuirithisha nakshi ilikuwa ya chapa. Mwaka 1846 Éléonore Riego de la Branchardière, aliyekuwa angali msichana, alichapisha mjini London kitabu cha sampuli za kufuma na kroshia, na baada yake vikafuata vingi vingine, na jarida, na medali katika Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Alikuwa na duka, na alijua kujitangaza. Alidai kwamba lesi ya kroshia iliyowapa Waayalandi riziki ilitokana na uvumbuzi wake. Dai hilo ni kubwa kupita kiasi, kwa kuwa watawa wa Cork walikuwa kazini kabla ya kitabu chake kutoka. Lakini heshima yake haiondoki: alitwaa kilichokuwa kikipita kutoka mkono hadi mkono akakiandika kwa maneno, mstari kwa mstari, hata mwanamke aliyekaa peke yake shambani, asiye na mama wala jirani wa kumwonyesha, aliweza kujifunza. Istilahi zilikuwa bado hazijatulia, na hata sasa vitabu vya Uingereza na vya Marekani huuita mshono mmoja kwa majina mawili, tena jina moja kwa mishono miwili, jambo linalowatatiza wanafunzi kila siku. Hata hivyo, sampuli zilizoandikwa zimefika kwetu, na waridi nyingi za Clones hazikufika.

Nyota ya wanaoanza ni mtoto wa njia hizi mbili pamoja: ni kipande kimoja kilichokamilika, mfano wa vile vilivyouzwa na wanawake wa Clones, nayo inaelezeka kwa maneno machache, kama sampuli za Riego. Acha nieleze jinsi ifumwavyo, kwa kuwa historia ya kazi ya mikono isiyoonyesha kazi yenyewe ina upungufu. Fuma vitanzi vitano vya mnyororo, uviunge viwe pete. Panda kwa vitanzi vitatu, ambavyo vitahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza, kisha tia ndani ya pete mishono mirefu 14, jumla iwe 15, na ulifunge duara kwa mshono wa kuungia. Sasa kila ncha itajengwa hivi: toa nje mnyororo wa vitanzi vitano, uruke kile kilicho karibu na kulabu, na katika vinne vilivyobaki urudi ukifuma kwa taratibu ya kukua, mshono wa kuungia, kisha mshono mfupi, kisha mshono wa nusu, kisha mshono mrefu ulio karibu na duara, ruka mishono miwili ya duara, uunge katika wa tatu. Fanya hivyo mara tano na nyota imetimia, maana 15 hugawanyika kwa tatu bila ya kubaki kitu. Mwanafunzi aliyefika hapo amekwisha kuijua mishono yote iliyo msingi wa kroshia, na, lililo bora kuliko hilo, amejifunza kuhesabu.

Hili la hesabu lina mfano wake mahali pengine. Huko Niesky, katika Saxony ya Ujerumani, shule ya kanisa la Wamoravian ilikuwa ikiwafundisha vijana jometri kwa kuwatengenezesha nyota za karatasi, na desturi hiyo husemwa ilianza katika miaka ya 1830. Baadaye, katika mji wa Herrnhut, mtu wa kanisa hilo akaanza kuziuza, na nyota hiyo yenye ncha nyingi ikawa pambo la Majilio katika nyumba nyingi za Ulaya. Wamishenari wa kanisa hilohilo walifika Rungwe, kusini ya Tanganyika, mwaka 1891, na kwa hiyo Wakristo wengi wa nyanda zile wanalijua jina la Herrnhut. Ama mti wa Krismasi wenyewe, wenye kutundikwa mapambo, ulikuwa desturi ya Wajerumani, ukapata umaarufu mkubwa Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapisha mwaka 1848 picha ya Malkia Victoria na jamaa zake wakiuzunguka mti wao. Malkia huyo mwenyewe alikuwa mfumaji wa kroshia. Katika uzee wake, mwaka 1900, alifuma skafu nane zikapewa askari waliopigana katika vita vya Afrika Kusini. Basi mti ulipoingia majumbani na kroshia imekwisha kuwamo humo, ilikuwa karibu lazima nyota ya uzi itundikwe juu yake.

Ila nyota ya uzi ikiachwa ilivyotoka kulabuni hulegea, ncha zake zikajikunja. Dawa yake ni kuichovya katika wanga uliopikwa, kuinyosha juu ya ubao uliofunikwa, na kuichoma pini katika kila ncha hata ikauke. Wazee wa Ulaya walipenda maji ya sukari yaliyochemshwa, ambayo hukausha uzi ukawa mgumu mithili ya mti. Katika nchi zetu za joto na unyevu mimi siwashauri wenzangu kuitumia sukari, maana hurejea kunata masika yakiingia, na sisimizi hawakawii. Wanga wa muhogo hutosha, tena ni rahisi kupatikana. Uzi nao si jambo dogo. Uzi wa pamba wa kale ulikuwa mkavu usio na nuru, mpaka Mwingereza John Mercer, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1850, alipoona kwamba pamba ikichovywa katika magadi makali hupata nguvu na kuishika rangi vizuri. Na mwaka 1890 Horace Lowe akaongeza kwamba ikivutwa wakati wa kuchovywa hung'aa karibu na hariri. Nambari zilizoandikwa juu ya vibonge huenda kinyume na matarajio: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Anayeanza achukue ulio mnene, wenye nambari ndogo, auone kila mshono waziwazi.

Lesi ya kroshia ya Ayalandi ilipanda na kushuka kama bidhaa zote za anasa. Mwaka 1891 serikali iliunda bodi ya kusaidia wilaya maskini za magharibi, nayo ikafungua madarasa ya lesi. Na mwanzoni mwa karne ya ishirini mafundi wa mavazi wa Paris waliipenda sana, hata magauni na makoti mazima yakafanywa kwayo. Kisha mashine za kudarizi za Uswisi na Saxony zikatoa mwigo wa bei rahisi, zikidarizi juu ya kitambaa kinachoyeyushwa baadaye kwa dawa hata ikabaki nakshi peke yake; mafundi wa nchi nyingine nao wakaiga kwa mkono; na vita vya mwaka 1914 vikaja na mavazi mengine na mahitaji mengine. Lakini lipo moja ambalo mashine haikuliweza. Iliiga sura ya kroshia, haikuiga kroshia yenyewe. Na hata leo hakuna kiwanda kinachofuma mishono hii kama mkono uifumavyo. Kila nyota ya kroshia ya kweli iuzwayo sokoni, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, imefumwa na mtu.

Pwani yetu ilikuwa na ustadi wake wa uzi kabla ya kulabu kufika. Kofia za Unguja na Lamu, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi na kupangwa katika nakshi, ni kazi ambayo fundi wa Venice asingeidharau. Kroshia ililetwa na mafunzo ya kushona ya misheni na ya shule za wasichana. Huko Mbweni, Unguja, Caroline Thackeray alianza mwaka 1877 kuisimamia shule ya wasichana wa misheni, wengi wao wakiwa wamekombolewa katika utumwa, na kazi ya sindano ilikuwamo katika masomo yao. Serikali ya Unguja ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927, nayo pia ikafundisha kushona. Kenya, tangu mwanzo wa miaka ya 1950, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake viliipeleka kazi ya uzi hadi vijijini. Leo kitambaa cha kroshia juu ya kochi, juu ya meza, juu ya redio, ni alama ya nyumba yenye mwenyewe, na katika sherehe za harusi si nadra bibi arusi kupewa seti nzima iliyofumwa na shangazi zake. Nyota, maua na maduara yamo humo ndani, yameunganishwa vilevile kama vipande vya Clones vilivyounganishwa.

Na kama ilivyokuwa kwa familia za Clones, ndivyo ilivyo kwetu: sampuli nyingi za vitambaa vyetu hupita kwa macho na kwa mikono, binti akikaa ubavuni mwa mama yake akahesabu pamoja naye, na kitabu cha Kiswahili cha kumwongoza aliye mbali ni kitu adimu. Mishono ina jina hili mtaa huu na jina jingine mtaa wa pili. Kwa hiyo nawaomba walimu wa sayansi kimu, na viongozi wa vikundi vya wanawake, na kila msomaji ambaye mama yake au bibi yake ana kitambaa asichokiona kwingine, waketi na wenye kazi hizo wangali hai, waziandike sampuli zao kwa Kiswahili, mshono kwa mshono, na juu ya kila sampuli waliandike, kwa ridhaa yake, jina la mwanamke aliyeifuma.